Mume wangu anachomea dhahabu jikoni, sasa mikono inamtetemeka

Mama Wawili, Geita
Habari zenu ndugu zangu. Mume wangu ni mchimbaji mdogo, mwaka wa tisa sasa. Akitoka mwaloni, wanakooshea dhahabu, na kidonge chake cha dhahabu na zebaki, anakiweka kwenye kijiko na kukichoma kwenye jiko langu la mkaa ili zebaki itoke dhahabu ibaki, humu humu ndani, kwa kuogopa wezi. Tangu Pasaka mikono inamtetemeka. Jana alikuwa anaandika daftarini mifuko ya mawe aliyopeleka karasha kusagwa, namba 8 ikamshinda kabisa, akatupa kalamu. Usiku halali. Watoto anawafokea, mtu ambaye hakuwahi kupaza sauti. Zahanati walimpima malaria, hana, wakampa vidonge vya usingizi. Anasema moshi wenyewe hauna harufu, na maziwa anakunywa. Mimi nina mimba ya miezi mitano. Nifanye nini?

Mzee wa Duara
Pole sana shemeji. Nimechimba Lwamgasa miaka mingi, na huko kutokuwa na harufu ndiko kulikotuponza. Mvuke wa zebaki ukipoa unatua kwenye bati, ukutani, kwenye sufuria. Jua likipiga bati, unapanda tena. Kitambaa puani hakizuii kitu.

Atafute fundi wa kuchomelea amtengenezee ritoti: chombo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza, na bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke ukipita humo zebaki inarudi kuwa kimiminika, anaikinga, anaitumia tena. Mwambie hapo anaokoa hela, atakusikiliza. Hata akiwa nayo, achomee nje, mbali na nyumba.

Tabibu wa Kanda ya Ziwa
Mama, wewe na watoto tokeni humo leo. Mchoma dhahabu akianza kutetemeka, kukosa usingizi na kuwa na hasira, wazo la kwanza liwe zebaki. Mvuke ukivutwa, karibu asilimia 80 unabaki mwilini, unafika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito unavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto tumboni. Maziwa yanakwenda tumboni, mvuke unaingilia mapafuni, havikutani.

Mpeleke hospitali ya rufaa. Akifika aseme kazi yake bila kuficha, maana asiposema atapimwa malaria tena. Aombe kipimo cha zebaki kwenye mkojo, na figo ziangaliwe. Kliniki yako ya wajawazito nao waambie. Dawa za kuitoa zebaki mwilini zipo, ila haziwezi kumsaidia anayerudi kuuvuta jioni.

Mama Wawili, Geita
Asanteni mno. Nimemsomea yote. Kwenye zebaki kurudi akaniambia nirudie kusoma. Jumatatu tunakwenda hospitali, nimeshaongea na kaka yake atusindikize. Mimi na watoto tuko kwa mama mkwe. Ila sufuria zangu zilikuwa zinaning'inia juu ya jiko lile lile, na uji wa mdogo ndimo ninamopikia. Nikizisugua vizuri na mchanga?

Tabibu wa Kanda ya Ziwa
Usizipikie tena, mama. Na kile kijiko kisirudi ndani.