Mjadala: Kiti cha mtoto ndani ya gari kiwe lazima kabla hakijashuka bei?

Mleta hoja:
Ndugu zangu, ninaloliuliza ni hili: je, Tanzania imlazimishe kila mwenye gari dogo la binafsi kumfunga mtoto kwenye kiti chake maalumu, ilhali kiti kipya kinauzwa kwa bei ambayo wazazi wengi hawaimudu? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliandikwa bila kukitaja kiti hicho, na wanaotaka kiwe lazima wana hoja nzito, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kumpakata mtoto siti ya mbele, kama tulivyozoea, hakumkingi. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, mtoto wa kilo 10 huchomoka kwa nguvu inayoweza kupita uzito wa kilo 200, na hakuna mikono ya mzazi inayozuia hayo.

Hata hivyo napinga kuanza na faini. Mwezi uliopita nilitafuta kiti cha mwanangu wa miezi minane. Dukani kipya kilikuwa shilingi 380,000. Kwenye mitumba nikaonyeshwa cha 70,000, ambacho muuzaji alikisifu kuwa kimetoka Ulaya na ni kama kipya. Nilipokigeuza nikakuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E, ile inayothibitisha kwamba kiti kimefaulu majaribio ya kimataifa, imebanduliwa na kuacha gundi tu. Nilipofunua kitambaa, povu gumu jeupe la ubavuni lilikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Kiti kilichokwisha kupata ajali kubwa hakifai tena hata kikionekana kizima, na pale hapakuwa na wa kunieleza kimetoka gari gani. Faini ikianza kesho, viti vya aina hiyo ndivyo vitakavyogombewa, kwa sababu trafiki ataona kiti, hataona ufa. Wengine watapiga hesabu nyingine kabisa: faini ya kosa la barabarani ni shilingi 30,000, kwa hiyo mtu anaweza kukamatwa mara kumi na mbili na bado hajafikia bei ya kiti kimoja.

Napendekeza kwanza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 iondolewe kwenye viti hivi, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokwisha kukataza nguo za ndani za mtumba, livikague na viti vya mtumba.

Mchangiaji, mama wa watoto watatu:
Kaka, kuhusu kodi umesahau taulo za kike. Mwaka 2018 zilisamehewa kodi hiyo hiyo, bei madukani haikushuka kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2019 Serikali ikaurudisha utozaji. Kwa nini kwa viti iwe tofauti? Mfanyabiashara haagizi kontena la bidhaa isiyoulizwa. Ni sheria itakayowaleta wanunuzi, na wanunuzi wakiwa wengi ndipo wauzaji watakaposhindania bei. Tukisubiri bei ishuke yenyewe, mwanao atakuwa amefika darasa la saba.

Mchangiaji, dereva wa teksi:
Naomba tusisahau kwamba wengi wetu hatubebi watoto wetu bali wa abiria, na leo anapanda mtoto mchanga, kesho wa miaka minane. Hata Uingereza, ambako tangu 2006 mtoto hutakiwa kuwa na kiti kinachomfaa hadi atimize miaka 12 au urefu wa sentimita 135, teksi isiyo na kiti inaruhusiwa kumbeba mtoto siti ya nyuma. Watunga sheria wetu walitamke hilo mapema, maana buti langu halina nafasi ya viti vitatu.

Mleta hoja:
Dada, kwa taulo za kike umenibana, na ninakubali kwamba msamaha wa kodi peke yake unaweza kuishia mfukoni mwa muuzaji. Kwa hiyo ninalishikilia zaidi jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo: viti vya kuazima. Kiti cha mtoto mchanga, kile kinachotazama nyuma, hutumika mwaka mmoja na nusu hivi, kisha hubaki stoo kikikusanya vumbi. Hospitali yenye wodi ya wazazi ingeweza kukiazimisha kwa amana na kuandika daftarini kila aliyekitumia. Kikirudi, muuguzi anamuuliza mzazi kama gari lilipata ajali, anaikagua mikanda na tarehe ya mwisho iliyochapwa chini ya plastiki, na kabla hajamkabidhi mwingine anamwonyesha kwamba kisifungwe siti ya mbele yenye mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi, kwa kuwa ukifumuka unaweza kumuua mtoto. Sheria ianze na watoto wa umri huo tu, katika magari ya binafsi, mahali ambapo viti vya kuazima vimekwisha kufika. Ninachotaka kusikia kutoka kwenu ni kiasi cha amana: je, shilingi 50,000 inatosha kumfanya mtu akirudishe kiti, au tayari ni nyingi mno kwa aliyetoka kulipia upasuaji wa uzazi?