Kwa nini wakulima wa Ulaya ya zama za kati hawakuwakimbia mabwana zao?

Mwalimu_Newala

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Historia katika sekondari ya kata huku Newala, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Jana nilikuwa na kidato cha pili, mada ni ukabaila wa Ulaya. Nikachora piramidi ubaoni: mfalme juu, wanaofuata ni mabwana wa ardhi na maaskofu, chini kabisa mkulima ambaye haruhusiwi kuhama bila ruhusa ya bwana wake.

Binti mmoja anayekaa dirishani akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini hawakukimbia?" Kabla sijafungua mdomo akaendelea: "Bibi anasema wazee wetu walipanda huku juu kuwakimbia waliokuwa wanakamata watu. Huku maji hakuna, lakini walikubali kwenda kuteka bondeni na kupanda nayo kilima, ilimradi wawe salama. Hao Wazungu walishindwa nini?"

Darasa zima likanitazama. Kitabu kina mistari miwili tu: mkulima alifungwa na ardhi, basi. Nimewaahidi jibu Alhamisi. Sitaki kumpa yule mtoto maneno ya kumnyamazisha, maana swali lake ni la mtu anayefikiri. Mwenye kujua anisaidie.

Baharia wa Mikindani

Mwalimu, hilo ni jepesi. Bwana ana farasi, upanga na ngome ya mawe, wewe una jembe. Padri naye anakwambia kila Jumapili kwamba Mungu ndiye aliyepanga hivyo. Utakimbilia wapi?

Mjalidi wa Ndanda

Mwalimu, hujambo. Huyo binti mlinde, asije akakatishwa tamaa na mtu.

Nimejalidi vitabu kwa watawa wa Ndanda miaka 31. Kitabu kikija mgongo umechanika, kurasa zimechanganyika, lazima ukisome ili uzipange. Rafu nzima ilikuwa ya historia ya Wabenediktini, yaani watawa wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na Ulaya yao ya zamani, na mimi nilisoma kwa Kiingereza changu cha darasa la nane la zamani, polepole, na kamusi pembeni. Kwa hiyo nitasema ninalolijua.

Baharia, mwanangu, walikimbia. Ushahidi ni sheria zenyewe, kwa sababu hakuna anayetunga sheria ya mtoro mahali pasipo na watoro. Miji mingi ilikuwa na kanuni kwamba mtu akikaa ndani yake mwaka mmoja na siku moja bila bwana wake kuja kumdai, amekuwa huru. Lorris, mji mdogo wa Ufaransa, ulithibitishiwa haki hiyo na mfalme Louis VII mwaka 1155. Na katika karne ya 12 na ya 13 maelfu ya wakulima wa Kijerumani walivuka mto Elbe kwenda mashariki kufyeka misitu, kwa sababu mabwana wa huko walihitaji watu wakawaahidi miaka kadhaa ya kulima bila kutozwa. Walipanda kilima chao, kama wazee wa huyo binti walivyopanda cha kwao.

Lakini yeye anauliza kuhusu waliobaki, na waliobaki ndio wengi.

Hapo kwanza neno. Vitabu vyetu humwita mkulima yule "mtwana". Kwa lugha ya pwani mtwana ni mtumwa mwanamume, na ndiyo maana watoto wanapotea njia. Yule wa Ulaya kwa kawaida hakupelekwa sokoni peke yake akauzwa, mke akabaki huku na yeye kule. Alikuwa na nyumba. Alikuwa na vipande vyake vyembamba katika mashamba makubwa ya kijiji, kimoja hapa kingine kule, ili udongo mzuri na mbaya ugawiwe. Alikuwa na haki ya kuchunga ng'ombe wake kwenye malisho ya wote na kuokota kuni msituni. Kwa hayo alilipa, na alilipa sana: siku mbili au tatu kila wiki katika shamba la bwana, na zaidi wakati wa mavuno, yaani siku zile zile ambazo ngano yake mwenyewe inamwita. Kuku wakati wa Noeli, mayai wakati wa Pasaka. Zaka ya kanisa, fungu moja katika kumi. Baba akifa, bwana anachukua mnyama bora zizini, na mara nyingi padri anamchukua wa pili kwa ubora, wakati mjane bado analia. Binti akiolewa, kuna ada ya bwana. Nafaka lazima isagwe kwenye kinu cha kusagia cha bwana, na sehemu ya unga inabaki huko.

Sasa ukikimbia, unaokoa siku zako tatu lakini unapoteza shamba. Na shamba hilo, pamoja na mzigo wake wote, mwanao angelirithi. Mwalimu, waulize hapo darasani: nani nyumbani kwao yuko tayari kuiacha mikorosho aliyoipanda babu, aondoke usiku na furushi? Mkorosho ukishaanza kutoa unamfunga mtu kuliko kamba. Mimi nimeona watu wakivumilia mengi, bei mbaya, hata kuuza kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa, mazao yakiwa bado mtini, na hawahami. Si woga. Mti upo, kaburi la mama lipo chini ya mti.

Halafu kuna majirani. Sehemu kubwa ya Uingereza karibu kila mwanamume wa kawaida kuanzia miaka 12 aliandikishwa katika kundi la watu kama kumi waliodhaminiana. Mmoja akifanya kosa akatoweka, waliobaki wanatozwa faini. Sisi tuliokua na balozi wa nyumba kumi hatuhitaji kuelezwa sana jinsi macho ya jirani yanavyofanya kazi.

Na kulikuwa na mlango wa katikati ambao kitabu hakiutaji. Mtu aliweza kuomba ruhusa ya kuishi nje ya himaya ya bwana kwa kulipa ada ndogo kila mwaka, pengine jogoo. Mwili uko mjini, jina bado liko kwenye daftari la bwana.

Mwalimu_Newala

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, nimenakili kwenye daftari. Naomba nikusumbue kidogo. Baharia amegusa kanisa. Darasani nina Waislamu na Wakristo, na najua wataniuliza: kanisa lilikuwa upande gani?

Mjalidi wa Ndanda

Marahaba mwalimu. Hapo umegonga mahali panapouma.

Mimi ni Mkatoliki, nitazikwa Mkatoliki. Nimeona watawa wakiuguza watu wasio na senti. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya sita, ina sura 73, na ile ya pili inamwambia abati, yaani mkuu wa watawa, asimtangulize mtu aliyezaliwa huru mbele ya yule aliyetoka utumwani, kwa sababu katika Kristo sote ni kitu kimoja. Nimezishona kurasa hizo kwa mikono yangu. Na mtu mwenye kesi Uingereza akiwahi kuingia kanisani hakukamatwa, alikuwa na siku 40 za kukaa humo kabla ya kuamua ajisalimishe au aihame nchi. Hayo ni kweli, uwaambie watoto.

Uwaambie na haya. Kanisa lenyewe lilikuwa bwana. Abasia, yaani nyumba za watawa zilizo chini ya abati, zilimiliki vijiji, na watwana wa abasia walilipa kuku na siku tatu kama wengine. Mwaka 1164 mfalme Henry II wa Uingereza aliandikisha kwamba mtoto wa mtwana asipewe upadri bila idhini ya bwana wa ardhi aliyozaliwa. Yaani hata altareni mtu alifika kwa kibali.

Kisa kilichonikaa moyoni ni cha St Albans, kaskazini ya London. Hiyo ilikuwa abasia ya Wabenediktini, kubwa na tajiri. Kuanzia 1327 hadi 1336 abati wake alikuwa Richard wa Wallingford, mtoto wa mhunzi, yatima tangu mdogo, mwenye akili ya ajabu. Alibuni saa kubwa iliyoonyesha mwendo wa jua na mwezi, na alifanya hayo akiwa mgonjwa wa ukoma. Mtu wa namna hiyo ungetegemea awaonee huruma watu wa chini. Watu wa mji walikuwa wakisaga nafaka nyumbani kwa mawe ya mkono ili kukwepa vinu vya abasia. Abati akayakusanya mawe yale nyumba kwa nyumba, na akayatandaza kuwa sakafu ya sebule ya watawa. Mawe ya kina mama. Wageni wakawa wanayakanyaga.

Nilipofika hapo niliacha kazi siku ile. Mama yangu alitwanga kila alfajiri, na sauti ya mchi wake ndiyo iliyokuwa inaniamsha. Nilijaribu kufikiria mtu anakuja kuuchukua.

Miaka ikapita. Tauni ikaingia Uingereza mwaka 1348, ikaua kati ya theluthi na nusu ya watu. Mikono ya kulima ikawa adimu, mtoro akapokelewa na bwana wa pili bila kuulizwa anatoka wapi, na wakulima wakadai ujira mkubwa. Mwaka 1351 bunge likapitisha sheria kwamba ujira urudi kama ulivyokuwa kabla ya tauni. Juu ya hapo ikaja kodi ya kichwa mara tatu ndani ya miaka minne, ya mwisho peni 12 kwa kila mtu. Juni 1381 watu wakainuka. Padri mmoja, John Ball, akawahubiria: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, bwana alikuwa nani?

Watu wa St Albans walipoingia abasia, jambo walilolifanya ni kwenda sebuleni kuing'oa ile sakafu. Waliyavunja mawe vipande vipande, kila mmoja akapewa kipande aende nacho kwake, kama mkate uliobarikiwa ulivyokuwa ukigawiwa Jumapili parokiani. Nusu karne ilikuwa imepita. Wengi wao walizaliwa mawe yakiwa tayari sakafuni, lakini walijua ni ya nani.

Julai 15 John Ball alinyongwa hapo hapo St Albans, mfalme Richard II akiwapo, kijana wa miaka 14. Kiongozi wao wa mji, William Grindecobbe, naye alinyongwa. Kwa hiyo mwalimu, ukiulizwa kanisa lilikuwa upande gani, sema kulikuwa na abati na kulikuwa na padri, na wote wawili walisali zaburi zile zile.

Binti Kilwa

Babu shikamoo, mwalimu habari. Mimi natembeza wageni Kilwa Kisiwani, naomba niongeze moja ili watoto wasidhani ubaya ulikuwa Ulaya peke yake.

Abati huyo akiwa bado hai, mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa. Sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, na alisifika kwa ukarimu hadi akaitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ibn Battuta anasimulia fakiri wa Yemen aliyemwomba sultani nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia, akavua, akampa. Mwana wa sultani akazikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Wageni wote wanakipenda kisa hiki, na mimi nilikisimulia miaka miwili nikitabasamu, mpaka siku moja mama mmoja wa Liwale akaniuliza wale ishirini majina yao nani. Sasa nikifika hapo husimama kidogo. Mtwana wa abati alibaki na shamba na majirani. Wale waliondoka na fakiri, na hakuna aliyeandika waliacha nani.

Baharia wa Mikindani

Mzee, nimekuelewa. Nilijibu haraka. Swali moja: baada ya kunyongwa viongozi, utwana uliendelea?

Mjalidi wa Ndanda

Uliendelea, lakini ulikuwa umevunjika mgongo. Hakuna sheria iliyoufuta Uingereza. Mabwana waliona ni afadhali kukodisha ardhi kwa fedha kuliko kuwasaka watoro, na kufikia mwaka 1500 uliobaki ulikuwa kidogo sana. Mashariki ya Elbe mambo yaligeuka kinyume: wajukuu wa wale waliokwenda kutafuta uhuru ndio waliokuja kufungwa kwenye ardhi, karne ya 16, wakati ndugu zao wa magharibi wanafunguliwa. Hilo mwalimu lifikirie kabla hujaingia darasani, maana yule binti atakuuliza.

Mwalimu_Newala

Asanteni sana. Binti Kilwa, shukrani za pekee, hicho kisa cha watumwa ishirini nitakisoma kama ulivyokiandika. Alhamisi sichori piramidi. Nimepata kijaa, mawe ya kusagia kwa mkono, kwa bibi mmoja jirani, alikuja nacho alipoolewa kutoka Lindi. Nitakiweka juu ya meza nianze nacho.

Mjalidi wa Ndanda

Beba mawe yote mawili, la juu na la chini. Na uchukue mahindi kidogo, kila mtoto asage kwa mkono wake kabla hujasema neno.