Panzi wa sponji anazunguka kwenye ndoano, nifanyeje?

Kijana_Nyeri
Habari zenu wadau. Nafunga nzi wa bandia wa kuvulia samaki nyumbani, wengi wa manyoya ya jogoo, na hao hawanisumbui. Sasa kuna mteja anayevua trauti, wale samaki wa mito ya baridi, anataka panzi wa kuelea, mwili wa sponji, ndoano namba 10. Nikikaza uzi, unapasua sponji. Nikilegeza, mwili unazunguka kwenye shina la ndoano na panzi akitua majini analala ubavu. Mzigo unatakiwa wiki ijayo, naombeni msaada.

Fundi_Jiliwa
Bila shaka unatumia ule uzi mwembamba wa nzi wadogo. Huo unakata sponji kama uzi unavyokata ugali. Chukua mnene. Halafu usilaze sponji juu ya chuma kitupu. Funika shina lote kwa uzi kwanza, nenda ukirudi kwa mishazari ili pawe na mikwaruzo ya kushikia. Tone la supa glu, weka sponji, zungusha mara mbili kwa kugusa tu. Mzunguko wa tatu ndio wa kukaza, nao uvute polepole.

Mama_Manyoya
Kwani ni sponji gani? Ya godoro inakunywa maji, panzi atazama akirushwa mara chache tu. Tafuta EVA ya milimita 2, zile karatasi laini za rangi za kazi za mikono za watoto. Iminye ndani ya beseni la maji, iachilie, itoe. Ukiibana tena ikichuruzika, achana nayo. Malapa yanaelea pia, lakini kuyachana kwa wembe mpaka yawe membamba ni adhabu.

Mzee_wa_Ragati
Mimi navua tu, sifungi. Nzi wengi wa sponji ninaouziwa ni wanene mno, mwili unajaza nafasi kati ya shina na ncha. Trauti anapiga, hanasi! Kipande kisizidi upana wa nafasi hiyo, na kikae juu ya shina, kisilizunguke. Mgongoni bandika kidogo rangi ya chungwa. Huku mtoni miti imefunika, panzi wa kahawia simwoni. Samaki anatazama kutoka chini, hiyo rangi haimhusu.

Kijana_Nyeri
Asanteni sana. Uzi ni mwembamba kweli. Supa glu haitaifanya sponji iwe ngumu? Na bawa, nywele za mbuzi zinafaa?

Fundi_Jiliwa
Tone dogo, chini tu. Ukimwaga itakauka kama plastiki. Za mbuzi weka chache, kinachoelea ni sponji.

Mama_Manyoya
Mimi supa glu siipendi, natumia vanishi, ila inachelewa kukauka na wewe una haraka. Miguu ya mpira ifunge palepale uzi ulipokwisha kubana. Ukianza kuzungusha mahali pengine unaongeza mkato mwingine kwenye sponji.