Wazee wanataka nifunge chumba cha gemu, kikao ni Ijumaa, naomba ushauri

Langoni_PS
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nisomeni mpaka mwisho manake siku mbili silali vizuri. Nina chumba kidogo hapa Langoni, Lamu, mashine za PlayStation, PS4 tatu na PS3 moja, mechi ya mpira 20 bob na GTA, ile gemu ya wizi na bastola, nachaji kwa muda, nusu saa 50. Ndicho kinachonilisha mimi na mamangu tangu kazi ya boti ilale. Watoto wanakuja wakitoka skuli na wakitoka chuo cha Qur'ani jioni, wengine na juzuu zao mkononi.

Sasa wiki iliyopita mtoto wa miaka 9 alimrukia mwenzake kule barazani akamkaba shingo, akatangaza kabisa kwamba anammaliza kama kwa Mortal Kombat, ile gemu ya kupigana mpaka kuuana. Mamake kumuuliza umejifunza wapi, akasema kwa kaka wa PS. Hapo ndo moto ukawaka. Wazee wa mtaa wamenijia wanasema gemu zote ni uchafu, Ijumaa baada ya sala tukae kikao na jibu wanalotaka ni kufuli mlangoni. Na kabla ya hapo kuna mtu wa ofisi fulani alikuja akaniambia gemu zangu "hazijapitishwa", nikamuuliza zinapitishwa wapi nami nipeleke, akasema nitafute mwenyewe, akaenda zake.

Nakubali kosa langu, ile Mortal Kombat sikufaa kuiwacha mtoto wa miaka 9 aguse, nilikuwa nahesabu pesa sikuangalia nani kashika padi ya kuchezea. Lakini nifunge na mpira pia? Naomba mnieleze hizi namba za umri za kwenye kava ni sheria ama ni nasaha tu, na serikali yetu inasemaje, na hao wazee niwaambie nini.

FundiPadi_Malindi
Waleikum salaam kaka. Toa kava zote uzipange mezani uangalie kona ya chini. Kava za Ulaya zina PEGI, ndo alama yao ya umri, namba 3, 7, 12, 16 au 18, hio ilianza 2003. Za Marekani zina herufi za ESRB, bodi ya kampuni za gemu zenyewe, E ni ya wote, T ni miaka 13, M ni 17 kupanda, AO ni ya watu wazima tu. Kwa hio usishangae gemu moja kuwa na alama mbili tofauti, ni kulingana na diski ilitoka wapi.

GTA V ni 18 Ulaya na M Marekani. Mortal Kombat hizi za PS4 ni 18 vilevile, God of War 18. FIFA ya mpira ni 3. Minecraft 7. Sasa ona, wewe ulikuwa unazipangisha zote bei tofauti lakini mlango mmoja.

Na hii kesi yako ina historia. Hio ESRB yenyewe ilizaliwa 1994 kwa sababu ya hio hio Mortal Kombat, mwaka 1993 Seneti ya Marekani iliita vikao, seneta Joe Lieberman akiwa mbele, kampuni zikaambiwa mjiwekee alama wenyewe au serikali itawawekea. Wakajiwekea haraka. Mpaka leo kule Marekani ile alama si sheria ya serikali, California walijaribu kufanya iwe kosa kumuuzia mtoto gemu za ukatili, Mahakama ya Juu ikaifuta 2011, majaji 7 kwa 2. Ujerumani ni kinyume chake, alama yao inaitwa USK na tangu 2003 muuzaji anabanwa nayo kisheria. Kwa hio ukiuliza ni sheria ama nasaha, jibu ni uko nchi gani.

Mama_Watatu
Mimi ni mama na sitazunguka. Kaka umekosa, na namshukuru Mungu umelisema mwenyewe. Mtoto wa miaka 9 hajui kutenga cha kioo na cha barazani, anachokiona jioni anakifanya asubuhi kwa mwenzake.

Lakini wazee nao wakifunga hapo kwako wamefunga nini? Wangu wa kati namkuta na simu yangu chini ya neti saa tano usiku na Free Fire, gemu ya simu ya kupigana risasi, hajafika kwako hata siku moja. Nikaenda kuangalia ile namba ya umri kwenye Play Store nikaulizia, kumbe anayetengeneza gemu anajaza maswali, kuna damu, kuna matusi, kuna kamari, halafu mfumo unaoitwa IARC ndo unatoa namba kutokana na majibu yake. Hakuna mtu wa Kenya aliyekaa akaitazama kabla haijaingia kwa simu yangu. Hilo lilinitia uchungu, manake nilidhani kuna mtu.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Ikiadhiniwa maghrib zima, usifungue tena mpaka watu watoke isha. Na asiyefika umri asishike hio padi hata kama analipa mara mbili. Ukinifanyia hivo nitaleta wangu mwenyewe wacheze mpira nikijua wako wapi.

Mkunguni24
Na sisi watu wazima je? Nina miaka 24, natoka kazini nimechoka, GTA ndo starehe yangu, sivuti, sili miraa. Kila kukiwa na shida ya watoto suluhisho ni kupiga marufuku. Australia mpaka mwisho wa 2012 hawakuwa na daraja la 18 kwenye gemu, kwa hio gemu ikizidi kiwango cha vijana ilikuwa inakataliwa nchi nzima, mtu mzima na mtoto wote wanakosa, mpaka Januari 2013 ndo wakaweka R18+. Mwambie huyo aliyesema "hazijapitishwa" kwamba kutenga umri ndo kunatuokoa sote.

Wakili_wa_Baraza
Niingie kwa upande wa Kenya, na niseme nilivosoma, mimi si wakili wa mahakamani jina ni la utani tu la rafiki zangu.

Bodi inayopanga umri hapa ni KFCB, ile bodi ya serikali ya kukagua filamu, na madaraja yake ni GE kwa wote, PG mtoto awe na mzazi, 16 na 18. Inatumia sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, ambayo iliandikwa miaka ya sitini watu wakienda sinema. Ndo maana ukienda na diski ya PS unaona kama unauliza swali ambalo sheria haikulitarajia. 2017 bodi hio ilitangaza kupiga marufuku Blue Whale, mnakumbuka hofu ile, lakini Blue Whale haikuwa diski wala haikukaa dukani, ilikuwa ni mtu anamtumia mtoto amri kwa mtandao. Utaifungia wapi kitu kama hicho?

Ushauri wangu: leseni yako ya biashara ya kaunti iwe mpya na iwe ukutani. Halafu waandikie KFCB ukieleza una mashine ngapi na gemu gani, uulize wanataka nini kwako, na ubaki na nakala. Akija mtu tena bila karatasi unamuonyesha barua yako kwa adabu.

Na kuhusu marufuku tupu, Korea Kusini walikuwa na sheria tangu 2011, chini ya miaka 16 hawachezi gemu za onlaini kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakawa wanaingia kwa vitambulisho vya wazazi. 2021 wakaamua kuiondoa. China nao 2021 wakabana zaidi, mtoto anapata saa moja tu, saa mbili mpaka saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Wao wanaweza manake kila akaunti imefungwa na kitambulisho. Wewe Langoni huna mtambo huo, una macho yako na huo mlango.

Mzee_wa_Mkomani
Mwanangu, mimi ni mzee wala si wa mtaa wako, nitakwambia yalio moyoni mwetu. Sisi hatujui ipi ya mpira na ipi ya kuuwana. Tukipita ndiani twasikia kelele moja na twaona viatu vya watoto mlangoni saa ya chuo. Basi. Usiye kutusomea habari za Marekani na China, utatukasirisha. Ndoo na hizo kava, uziweke mbele yetu, useme hii naitoa kwa watoto, hii nabakisha, na watoto wa chuo siwafungulii mpaka mwalimu awawachie. Na yule mtoto alokabwa, umeenda kumuona? Kama hujaenda, nenda yeo kabla ya Ijumaa.

FundiPadi_Malindi
Mzee kasema. Niongeze ya kifundi: kwenye PS4 nenda setingi, tafuta Parental Controls, utaulizwa namba ya siri, ya kiwandani ni 0000 na vijana wote wanaijua, badilisha kwanza. Halafu weka kiwango cha umri cha gemu. Diski iliyozidi haitafunguka bila namba yako. Fanya kwa mashine mbili, ya tatu iwache kwa watu wazima na uigeuze kioo chake kisitazame mlangoni, manake anayetazama nyuma ya kiti naye anajifunza.

Langoni_PS
Nimerudi. Nilienda kumuona yule mtoto siku ileile, babake hakutoka nje lakini mamake alinipokea. Ijumaa nikapeleka kava 14 kwa mfuko, nikazipanga kwa mkeka. Mzee mmoja alishika ya GTA akaigeuza akasoma 18 kwa sauti, akaniuliza hii ilikuwa imeandikwa siku zote? Nikasema ndio. Akanyamaza, nami sikuwa na la kuongeza.

Tumekubaliana mashine mbili za watoto, namba nimebadilisha, ya tatu inafunguliwa baada ya isha kwa mwenye kitambulisho. PS3 nimeiweka kando kwanza. Wawili hawajaridhika, wanataka nifunge tu, wamenipa mpaka mwisho wa mwezi waone. Barua ya KFCB nimeiandika, naipeleka Mombasa na basi la Jumatatu.

Sasa tatizo ni kwamba nikitoa za 18 wadogo wamebaki na mpira peke yake, na mapato yameshuka. Kama kuna mtu ana diski ya PS4 ya magari, Gran Turismo au yoyote yenye alama ya 3 au 7, anauza kwa bei ya kindugu, anitumie ujumbe.