Naomba ushauri: mama yuko Arua, mimi Kampala, presha yake nitaifuatiliaje?

BintiWaArua: Ndugu zangu, habari za kutwa. Mama ana miaka 67, ana presha, anaishi Arua na mjukuu wa darasa la sita. Mimi niko Kampala, karibu kilomita 500. Mwezi uliopita alianguka jikoni, kumbe dawa ameziacha wiki mbili kwa kuwa anajisikia vizuri. Kwenye simu kila siku ni "niko salama, mwanangu". Nimeona vipimo vinavyotuma namba kwenye simu kwa Bluetooth, ila mama ana simu ya tochi. Nijikaze nimnunulie vyote viwili?

NesiWaZamu: Pole sana dada. Chukua kipimo cha kufunga juu ya kiwiko, si cha kifundo cha mkono, na upime kwanza unene wa mkono wake: mkanda ukibana, namba zinapanda bure. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, mkono usawa wa moyo, asiongee. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Kila safari mara mbili, wapumzike dakika 1 katikati. Nyumbani, 135/85 kwenda juu si nzuri. Ikifika 180/120, atulie apimwe tena. Ikiwa kifua kinauma, mdomo umepinda, upande umelegea au maneno hayatoki, msirudie kupima: bodaboda au gari, hospitali ya rufaa moja kwa moja.

MzeeWaBombo: Binti yangu, mimi nilifungiwa hicho cha Bluetooth. Bando likiisha, namba zinabaki kwenye simu palepale mezani. Halafu wanangu watatu kila mmoja alidhani mwenzake anaangalia. Nunua cha kawaida cha betri, mjukuu atume meseji, na msomaji awe mmoja anayejulikana.

NesiWaZamu: Mzee amesema kweli. Ongea pia na VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji chao, awe anapita kuhesabu vidonge.

BintiWaArua: Asanteni mno. Kipimo kilipanda basi juzi. Leo saa moja asubuhi kijana kaniandikia: "148/92, halafu 144/90. Ya kwanza kabisa nimeifuta, bibi alikuwa anamfukuza kuku." Nimelia.

NesiWaZamu: Huyo kijana mshike vizuri. Andikeni wiki nzima, kisha mama aende kliniki na daftari. Dawa msimwongezee wenyewe.