Mjadala: Je, friji ya sumaku yenye arseniki iruhusiwe majumbani?

Mtoa Mada: Waungwana, gesi za friji zetu ama zinachangia kuongeza joto la dunia ama zinashika moto. Mwaka 2001 watafiti Wada na Tanabe walionyesha kwamba arsenidi ya manganizi, yaani muungano wa manganizi na arseniki, iliyotiwa elementi ya antimoni kidogo hupata joto inapoingizwa kwenye uga wa sumaku na hupoa inapotolewa, jambo lililotia nguvu matumaini ya friji isiyotumia gesi. Je, friji ya namna hiyo iruhusiwe majumbani, ilhali ina arseniki, ambayo ni sumu?

Fundi Baridi: Nimejaza isobutani, gesi ya friji inayoshika moto, miaka mingi na sijaona nyumba ikiungua, kwa hiyo tusitishane. Arseniki ni zaidi ya nusu ya uzito wa hiyo arsenidi mnayoisifia, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunaijua kutokana na maji ya jirani na migodi ya dhahabu. Isitoshe, ni sumaku gani hiyo inayoishiwa nguvu kwa nyuzi 45 za Selsiasi tu? Bati la nyumba yangu saa saba mchana linazidi hapo.

Mwanafuwele: Fundi, kupoteza usumaku kwenye nyuzi 45 si kasoro, bali ndiyo kazi yenyewe. Hapo fuwele za pembesita, yaani atomi zilizopangwa kwa umbo la pande sita, hujipanga upya na kuwa za ortorombiki, yenye umbo la kisanduku cha mstatili, ujazo hupungua ghafla kwa takriban asilimia 2, na joto fiche, yaani joto linalotumika kwenye badiliko lenyewe, humezwa. Chuma cha kawaida, ambacho hushikilia usumaku wake hadi nyuzi 770, hakina msaada wowote jikoni kwako. Usumaku ndio unaoiburuza fuwele ibadilike. Wanafizikia Bean na Rodbell walikwishalieleza hilo mwaka 1962.

Mzee wa Nyutroni: Taratibu, kijana. Bean na Rodbell walieleza kwamba nguvu inayofungamanisha sumaku za atomi hutegemea ujazo, yaani viwili hivyo huvutana. Hawakusema kwamba kimoja ni bwana na kingine mtumwa. Tena fuwele hurudi kuwa za pembesita karibu na nyuzi 125, bila usumaku kurejea. Huko juu nani anaburuza nani?

Mwanafuwele: Mzee wangu, kuniita kijana si hoja. Mpito wa nyuzi 125 ni wa daraja la pili, yaani hutokea hatua kwa hatua bila kuruka ghafla, hauna joto fiche, nami nilikuwa nazungumzia ule wa 45.

Dada wa Maabara: Ugomvi huu ni wa siku nyingi. Mtafiti Guillaud alishikilia kwamba kati ya nyuzi hizo mbili mpangilio wa sumaku haupotei, bali atomi huelekeana kinyume na kufutana. Watafiti Bacon na Street wakaipiga arsenidi hiyo kwa nyutroni, chembe zinazoweza kuonyesha mpangilio wa sumaku ndani ya fuwele, mwaka 1955, wala hawakuona alama ambazo mpangilio wa namna hiyo ungepaswa kuziacha.

Fundi Baridi: Nimeuliza juu ya sumu, nasomewa historia ya nyutroni.

Mtoa Mada: Fundi ana haki. Kikundi cha watafiti cha Amsterdam kilitangaza mwaka 2002 mchanganyiko wa manganizi, chuma, fosforasi na arseniki, na baadaye silikoni ikachukua nafasi ya arseniki katika familia hiyo. Je, kuna sababu gani ya kung'ang'ania arseniki?

Mwanafuwele: Silikoni ni mada nyingine. Mzee bado hajanijibu.

Mzee wa Nyutroni: Nakujibu. Ukiipasha, usumaku hupotea karibu na nyuzi 45. Ukiipoza, haurudi mpaka ushuke nyuzi kama kumi hivi chini ya hapo. Pengo hilo latokana na fuwele kulazimika kubadili umbo na ujazo, na friji inayorudia mzunguko huo kila mara italilipia kwa umeme. Ungekuwa usumaku peke yake, pengo lingetoka wapi?

Dada wa Maabara: Antimoni kidogo huliondoa pengo hilo, Mzee, na mchanganyiko hubaki na umbo la pembesita pande zote mbili za mpito, lakini bado unapoza.

Mzee wa Nyutroni: Hapo sasa umeleta hoja. Lakini ujazo wake nao hubadilika, usisahau.

Fundi Baridi: Na arseniki imo palepale.