Bastola karibu na kitanda, na mtoto wa miaka 3

Wakuu, naomba ushauri. Bastola yangu ina leseni, na miaka yote imekaa droo ya kando ya kitanda, magazini (kibebeo cha risasi) ndani, chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) tupu. Juzi nimemkuta binti yangu kaivuta droo hiyohiyo mpaka mwisho, anatafuta chaja. Bahati tu nilikuwa nimeivaa kiunoni. Nimeihamishia juu ya kabati, ila mke wangu anasema anayepanda sinki hashindwi na kabati. Sefu naogopa: mwizi akiingia usiku, nianze kupapasa funguo?

— Shemeji yetu kasema kweli. Juu ya kabati umeficha, hujafungia. Chukua kisanduku cha chuma cha vitufe, ukikaze kwa skrubu, maana kisipokazwa mwizi anakibeba na bastola yake ndani. Changu nakifungua gizani kwa sekunde 3 hivi. Fanya mazoezi, bastola ikiwa haina risasi kabisa.

— Cha alama ya kidole kilinigomea mikono ikiwa na jasho, nikarudi kwenye vitufe. Betri zibadilishe kabla hazijalia. Ufunguo wa akiba usikae chumba hicho, na nambari isiwe tarehe ya kuzaliwa mtoto!

— Ahsanteni. Nimekikaza ndani ya kabati la nguo. Jana usiku nimejaribu taa zikiwa zimezimwa, mke kashika saa: nimekosea nambari mara mbili. Kacheka mpaka mtoto kaamka.